Goti Lililokunjwa Nikiwa Usingizini

Hamjambo nyote. Wale ambao miguu yenu imenyooshwa juu ya viti, msijisumbue kugeuka, nitasema kwa sauti. Naitwa Rodah Mmbone. Halima, huyu fizio wetu wa kunyoosha viungo, ameniomba niwaeleze yaliyonipata kabla hajaanza kuwaita mmoja mmoja. Nilimwambia mimi si mhubiri. Akanijibu, "Sitaki mhubiri. Nataka mtu aliyelia kwenye hiki kitanda halafu kesho yake akarudi." Basi, huyo ni mimi.

Nakaa Kaloleni, hapa Nairobi, katika nyumba ambayo marehemu baba mkwe wangu aliingia enzi alipokuwa akifanya kazi reli, na mume wangu Jotham akabaki nayo. Choo na bafu viko nje, tunatumia na majirani. Kazi yangu iko humu humu hospitalini, ghorofa ya juu. Nyinyi hamnioni, lakini mimi huwaona kwenye karatasi. Daktari akishamtibu mtu huandika alichofanya. Mimi nasoma, kisha kila kitu nakipa namba yake: ugonjwa namba yake, upasuaji namba yake. Namba hizo ndizo zinazokwenda kwa kampuni ya bima ili ijue inalipia nini. Kitu ambacho daktari hakukiandika, kwetu sisi hakikufanyika. Ndivyo tulivyofundishwa.

Kukunja goti la mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi ni jambo nililokuwa nimeliandika mara nyingi. Kwangu lilikuwa mstari mmoja na namba moja, kisha nafungua faili linalofuata.

Nilikuwa mtu wa kutembea. Jumamosi nikitoka nyumbani, napita Shauri Moyo kwa miguu hadi soko la Gikomba, narudi na mzigo kichwani kabla jua halijawa kali. Sikuwa mgonjwa wa chochote. Miguu yangu sikuwahi kuifikiria, kama vile wewe usivyofikiria pumzi yako.

Jumamosi hiyo mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa nimesimama karibu na mafundi wa vitanda, nachagua mapazia. Nikasikia mtu akipiga kelele, "Kando! Kando!" Kugeuka, naona mkokoteni uliojaa marobota ya mitumba unashuka wenyewe. Yule mvutaji alikuwa ameteleza kwenye matope na mikono yake imeachia. Sikupata nafasi ya kuruka. Mguu wangu wa kulia ulibanwa kati ya mkokoteni na meza ya fundi. Nilisikia mlio, "ko!", kama muwa unaovunjwa gotini. Mwanzoni sikusikia maumivu. Niliona tu goti langu limeelekea upande ambao goti haliendi.

"Wee mathe, usisonge! Usiguse huo mguu!" fundi mmoja akanipigia kelele. Alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alichukua mbao mbili nyembamba za kitanda, mama mmoja akachana shuka, wakanifunga mguu vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha wakanilaza juu ya kitanda ambacho walikuwa hawajakimaliza, hakina hata godoro, wakakibeba mabegani. Nilitolewa Gikomba hivyo, watu wakitupisha. Yule wa mkokoteni alitufuata akilia. "Mama, nisamehe. Mama, nisamehe." Nikamwambia aende akaangalie mzigo wa watu kabla haujaibwa. Matope hayana mwenyewe.

Hapa hospitali walinipiga picha. Daktari wa mifupa, Daktari Otieno, aliinua ile picha kwenye mwanga akasema, "Mfupa wa chini ya goti, pale juu kabisa unapobeba uzito, umepasuka na kubonyea. Tutauinua, tuufunge kwa chuma na skrubu."

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Kilichoniharibia ni kidonda. Siku chache baada ya kushonwa, nyuzi za chini zilianza kuwa nyekundu, kisha zikatoa usaha. Harufu yake niliisikia kabla ya kuambiwa. Homa ikapanda, nikatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Walinifungua wakaniosha, wakanipa dawa kali za mshipa, na daktari akaagiza mguu utulie kabisa mpaka kidonda kikauke. Ulitulia. Ulitulia mno.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe wangu alikuwa ameshafika kutoka Vihiga. Mama ni mtu wa maneno machache na mikono mingi. Aliponiona na ule mguu ulionyooka kama mwiko, akachukua mto wake mwenyewe aliokuja nao, akauweka chini ya goti langu. "Mfupa unataka kutulia," alisema. Na kweli mto ule ulinipa raha. Nililala nao mchana na usiku. Jirani akija ananiambia, "Usiukunje, utafungua chuma." Mwingine, "Shemeji yangu aliukunja mapema, ikabidi apasuliwe tena." Kila mtu alinihurumia, na kila huruma iliniambia nisikunje.

Aibu kubwa ilikuwa choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mtu mwenye mguu mmoja ulionyooka hawezi kuchuchumaa. Nilikuwa nakojoa kwenye ndoo nimesimama nusu, Mama akinishika mabega kwa nyuma. Mara ya kwanza nililia. Mkwe wangu, mama wa mume wangu, anashika ndoo yangu! Akaniuliza, "Unalia nini? Jotham alinikojolea miaka mingapi? Wewe kojoa tufunge mlango."

Kidonda kilipokauka, daktari akanituma hapa kwa Halima. Alinilaza kwenye kitanda kile pale, akachukua ile rula yake ya kupimia viungo, akaniambia nikunje. Nilikunja kwa nguvu zangu zote. Akapima. Akanisaidia kwa mikono yake. Akapima tena. Goti la mtu mzima hukunjika mpaka kisigino kikaribie tako. Langu lilifika digrii hamsini likasimama. Si maumivu yaliyolizuia. Lilikuwa kama mlango ambao mtu ameufunga kwa ndani. Na kunyooka kabisa nako halikunyooka. Lilibaki limeinuka kidogo.

"Unalala na nini chini ya goti?" Halima akauliza.

"Mto."

"Nani alikuambia uweke mto?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti hapo mlangoni, mkoba wake mapajani. Yeye akajibu mwenyewe, "Ni mimi."

Halima hakumfokea. Alisogea akakaa karibu naye, akamweleza kwa upole. "Mama, ule mto unaliacha goti likiwa limepinda kidogo usiku kucha. Likizoea hapo, halitaki kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kama ni mto, uwe chini ya kisigino."

Mama alitazama mikono yake. "Sasa hata mto ni adui," akasema.

Nilifanya mazoezi. Nataka mlisikie hilo, kwa sababu kuna wanaodhani goti likikataa ni kwa sababu mwenyewe ni mvivu. Nilikuja hapa kila nilipoitwa. Nyumbani nilikaa pembeni mwa kitanda, naning'iniza mguu, naufunga kwa leso, nauvuta. Halima alikandamiza, mimi nikang'ata shuka. Alipima, akaandika. Wiki iliyofuata alipima, akaandika. Zile digrii hazikuongezeka hata kidogo.

Daktari Otieno alinipiga picha nyingine. Akasema mfupa umeshika vizuri, hilo tumshukuru Mungu. Lakini goti nalo limeshika, na hilo si zuri. "Ndani kumeota makovu. Yameshikana kama ugali uliokaukia kwenye sufuria. Fizio peke yake haitayatoa."

"Utanipasua tena?"

"Hapana. Nitakulaza kwa dawa ya usingizi mpaka misuli yote ilegee. Halafu nitalikunja kwa mikono yangu, polepole, mpaka makovu yaachie. Lakini tusichelewe, Mmbone. Kovu changa linaachia. Likikomaa, nikilazimisha ninaweza kuvunja mfupa badala ya kovu."

Nilielewa. Nilikuwa nimeandika namba ya jambo hilo mara nyingi, na sasa jambo lenyewe lilikuwa limekaa mbele yangu likisema lina haraka.

Ombi likapelekwa kwa kampuni ya bima. Likakataliwa.

Sababu zao zilikuwa hivi. Kukunja goti ni sehemu ya matibabu yanayofuata upasuaji wa kwanza, na upasuaji ule wameshaulipia. Mgonjwa aendelee na fizio. Kulipa wenyewe hatukuweza, hilo sitalizungushia maneno.

Faili lako mwenyewe huruhusiwi kulifanyia kazi, kwa hiyo nilikaa kwenye benchi la chini kama nyinyi, nikamwomba mwenzangu wa meza ya pili aniambie daktari alikuwa ameandika nini. Sitamtaja jina. Akashuka na simu yake akanisomea. "Goti gumu baada ya kuvunjika. Alazwe, likunjwe." Basi. Nilikaa na maneno hayo. Ningekuwa mimi upande ule wa bima, nami ningekataa. Mtu akisoma hapo hajui goti lilikuwa gumu kiasi gani, wala nini kilijaribiwa, wala kwa nini haliwezi kukunjwa hapa hapa kwenye kitanda cha Halima. Hakuna mtu aliyenidhulumu. Ni kwamba mguu wangu ulikuwa haujaelezwa.

Mwenzangu akaketi karibu nami, akateremsha sauti. "Rodah, tusihangaike. Tuandike unaingizwa kamera ndani ya goti, makovu yakatwe. Huo ni upasuaji mpya, watapitisha haraka. Ukishalala huko thieta, nani atajua daktari alichofanya?"

Nataka mjue alisema hivyo kwa kunipenda. Aliona mguu wangu, aliona ninavyokaa upande mmoja kama mtu aliyekalia msumari. Nilimwambia aniachie nifikirie.

Jotham nilimwambia jioni hiyo. Alikuwa anavua viatu. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. "Sasa unafikiria nini? Waandike! Daktari mwenyewe amesema msichelewe."

"Si kweli, Jotham. Hatanipasua."

"Ukweli utakukunjia goti? Watu wanaandika vitu kila siku hapa Nairobi. Wewe ndiye utakuwa malaika?"

"Kazi yangu ni kuandika kilichotendeka. Nikiandika mguu wangu uongo, kesho niamke niende kuandika ukweli wa nani?"

"Kazi, kazi! Na ukibaki kilema?"

Mama alikuwa jikoni na aliacha kukoroga. Nikamwambia lile nililokuwa nalo moyoni. "Wakiandika nimepasuliwa mara ya pili, nitakuwa nimepasuliwa maisha yangu yote. Siku goti hili litakaponisumbua tena, daktari atakayesoma atatafuta kitu ambacho hakipo. Mguu ni wangu, Jotham. Nitabaki nao peke yangu. Naenda kwa Daktari Otieno."

Alitupa kile kiatu chini akatoka nje.

Nilimpata daktari mlangoni mwa chumba chake, macho mekundu kwa uchovu. Nikamwambia, "Daktari, bima wamekataa."

"Wamekataa nini? Si niliwaandikia?"

"Uliwaandikia kidogo."

Alinitazama, kisha akacheka kwa pua. "Ingia. Panda juu ya kitanda."

Niseme wazi, kuanzia hapo sikumfundisha kitu. Mimi najua namba, yeye anajua magoti. Alilishika goti langu upya, akalikunja, akalinyoosha, akasukuma kifupa cha mbele huku na huku, kikagoma kusogea. Akamwita Halima aje na rekodi zake zote za vipimo. Akaniuliza mambo ambayo sikufikiria yana maana kwa karatasi. Unashukaje ngazi? Unakwendaje chooni? Ukikaa kwenye gari mguu unauweka wapi? Nilipomweleza kuhusu ndoo, niliona aibu tena, lakini yeye aliendelea kuandika tu. Aliandika kidonda kilivyooza na kwa nini mguu ulitulizwa. Aliandika Halima alijaribu nini na goti lilijibu nini. Aliandika kwamba mfupa umeshika, kwamba nitarudishwa thieta, nitalazwa usingizi, na kwamba hatapasua ngozi. Alipomaliza akanisomea. Kwa mara ya kwanza tangu niumie nilisikia mguu wangu ukielezwa wote.

Ombi likarudi tena. Tukangoja.

Kungoja huko sitakusahau. Kila asubuhi nilikuwa najua kwamba kovu ndani yangu linakomaa kidogo. Nikiamka, kabla ya chai, nakaa pembeni mwa kitanda na leso yangu, navuta. Digrii hazikuongezeka, lakini nilisema angalau zisipungue. Nilivuta mpaka jasho linadondoka sakafuni. Mama alikuwa ameuondoa ule mto na kukunja taulo chini ya kisigino changu, na usiku niliposahau nikakunja mguu pembeni, nilishtuka kuona mkono wake unaurudisha.

Daktari wa kampuni ya bima mwishowe alimpigia simu Daktari Otieno mwenyewe. Aliuliza kama mfupa umeshika kweli na kama fizio ilifanyika ipasavyo. Majibu yote yalikuwa yameandikwa, kwa hiyo hayakuchukua muda. Mwenzangu wa meza ya pili ndiye aliyeshuka ngazi mbio kuniletea habari. Alinikuta hapa hapa nilipo. "Wamekubali," akasema. "Wamekubali ile ya kweli." Akanikumbatia, tukalia wote wawili kama wajinga.

Siku yenyewe, Daktari Otieno alinieleza tena kabla sijatia sahihi. Mfupa unaweza kuvunjika. Mshipa wa mbele ya goti unaweza kukatika. Inawezekana pia makovu yasiachie, nikaamka kama nilivyolala. Nikatia sahihi. Yule wa dawa ya usingizi aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia naandika namba za mambo kama haya. Akasema, "Leo wewe lala, waandike wengine." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia.

Kuamka kulikuwa moto. Sina neno lingine. Paja lote lilikuwa linawaka, goti limevimba kama tikiti, na mdomo wangu mkavu ulikuwa na ladha ya chuma. Nikajaribu kuinua kichwa nitazame kama mguu bado upo. Daktari Otieno alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na simu mkononi. Akanionyesha picha. Ulikuwa mguu umekunjwa vizuri, kisigino kimerudi nyuma kabisa.

"Huu ni wa nani?"

"Ni wako. Digrii mia moja na kumi na tano. Makovu yalipoachia, chumba kizima tulisikia. Kama shuka linalochanwa." Kisha akatabasamu kidogo. "Na usiniulize. Nimeandika lilianzia wapi, likaishia wapi, na kwamba mfupa haukuvunjika."

Kabla sijalala tena, mlango ukafunguliwa, Halima akaingia amekunja mikono ya nguo yake. Nikamwambia, "Leo hapana. Nionee huruma." Akasema, "Wewe ukilala, kovu halilali." Akanishika kifundo cha mguu akaanza. Nilipiga kelele nikatapika kwenye beseni. Alinipangusa mdomo, akaendelea. Wapenzi, ninyi mnaodhani ukilazwa usingizi kazi imekwisha, hapo ndipo inapoanza. Daktari alifungua mlango. Kuuzuia usijifunge tena kulikuwa juu yangu.

Nyumbani tulikuwa na shida ya barafu ya kupunguza uvimbe, kwa sababu friji hatuna. Mama alikwenda kwa wauza samaki akaomba barafu wanayomwaga jioni. Goti langu lilinuka samaki mwezi mzima, na paka wa jirani akawa rafiki yangu. Mama mwenyewe alikuwa amegeuka mtu mwingine. Yeye aliyenituliza na mto sasa alikuwa ananisimamia na kijiko cha kukorogea mkononi. "Kunja. Bado. Kunja tena. Sikutoka Vihiga kuja kulea mlingoti wa stima." Niliposema inauma, alisema, "Najua," akaendelea kusimama hapo hapo.

Baadaye goti lilivimba ghafla, na Halima alipopima, nilikuwa nimepoteza sehemu ya kile nilichopata. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikajifunika shuka mpaka kichwani. Niliona kama vita vyote vilikuwa bure. Jotham akarudi. Alikaa pembeni mwa kitanda, akafunua shuka upande wa miguu, akakishika kisigino changu kwa viganja viwili.

"Ni hivi anavyofanya Halima?"

"Chini kidogo."

Akasukuma polepole. "Mimi nilitaka upone haraka," akasema. "Hiyo tu. Sikutaka uwe mwongo."

"Najua. Sukuma."

Tangu siku hiyo zamu ya jioni ya kunikunja goti ikawa yake. Uvimbe ukashuka, na kilichopotea kikarudi, kisha kikaongezeka kidogo.

Sasa nitawaambia siku niliyojua nimepona, na mcheke tu, mimi pia nacheka. Nilikwenda chooni peke yangu na fimbo. Nikaingia, nikafunga mlango, nikashika ukuta, nikaanza kushuka. Goti likalia kidogo, likakubali. Nikashuka tena. Likakubali. Nikajikuta niko chini, nimechuchumaa kama watu wote wa Kaloleni, na nikapiga kelele bila kujizuia, "Mama! Nimechuchumaa! Mama, nimechuchumaa!" Wanawake waliokuwa wakifua bombani wakaacha nguo wakapiga vigelegele. Mmoja akajibu, "Haya, maliza basi, kuna foleni!"

Nimerudi kazini. Sijawa kama nilivyokuwa, na siwadanganyi. Baridi ya Julai ikija, kile chuma hunikumbusha. Ngazi nashuka nikishika pembeni. Kukimbia hakuna. Lakini Gikomba naenda kwa miguu yangu, na wale mafundi hunisalimia, "Niaje, mathe wa kitanda!"

Namshukuru Mungu aliyenipa uhai, na watu aliowatumia: mafundi walionibeba, daktari aliyekubali kuandika upya akiwa amechoka, Halima ambaye hakunionea huruma ya uongo, na mwenzangu aliyekimbia ngazi kuniletea habari.

Na kwenu nina maneno machache. Ukikaa mbele ya daktari usiseme tu, "Goti linauma." Sema huwezi kufanya nini. Sema na la aibu. Yeye haishi ndani ya mguu wako, na yule atakayesoma faili huko ghorofani hatawahi kukuona. Mimi sasa nikikuta maneno mawili matupu kuhusu goti la mtu, sifungi faili. Nanyanyua simu nauliza wodini, "Huyu mgonjwa alikuwaje?" Bima wakikukataa, uliza sababu, kisha rudi na ukweli wote. Usirudi na uongo. Na Halima akikwambia kunja, kunja. Lia ukitaka, lakini kunja.

Mama alirudi Vihiga wiki iliyopita. Asubuhi ya kuondoka alikaa kwenye kiti mlangoni mwa nyumba yetu, anajaribu kuvaa viatu. Nikaona anainama, anaishia njiani, anavuta pumzi, anainama tena. Miezi yote hiyo aliyonishika mabega na kunibebea barafu, mgongo wake ulikuwa unamuuma na hakuwahi kusema. Nikaiweka fimbo ukutani. Nikashika mlango, nikakunja goti langu la kulia, nikashuka mpaka likagusa sakafu. Liliuma. Nikamvalisha kiatu cha kwanza.

"Inuka, watu wanatazama," akasema.

"Watazame. Nipe mguu wa pili."